Simba wa Tsavo katika filamu

Simba wa Tsavo ni madume wawili waliokula wajenzi wa Reli ya Uganda kando ya Mto Tsavo kuanzia Machi hadi Desemba 1898. Abiria wa basi la Nairobi anayepandia Mwembe Tayari, jirani na stesheni kongwe ya Mombasa, huuvuka mto huo kabla ya kufika Mtito Andei, aghalabu akiwa usingizini.

Msimamizi wa ujenzi wa daraja, J. H. Patterson, alimuua wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29, akachapisha kitabu mwaka 1907. Hollywood ilikigeukia kisa hicho mapema. Bwana Devil (1952), ya Arch Oboler, ilivuta umati kwa miwani waliyogawiwa watazamaji, maana ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Kimarekani ya rangi kuonyesha picha za pande tatu. Simba aliruka kutoka kwenye pazia. Hadithi ilibaki palepale.

Iliyotarajiwa zaidi ni The Ghost and the Darkness (1996), iliyoongozwa na Stephen Hopkins na kupigwa Afrika Kusini. Inaanza kwa kumwapia mtazamaji kwamba hata yasiyoaminika yalitokea kweli, kisha inamletea Remington, mwindaji Mmarekani aliyechezwa na Michael Douglas. Remington hakuwahi kuwako. Patterson wa kweli, mwenye kukesha juu ya ulingo wa miti akijisikia yeye ndiye anayewindwa, alitosha kabisa. Val Kilmer, aliyemcheza Patterson, akaachiwa nusu ya kazi yake. Simba nao walivikwa uzuri wasiokuwa nao: wa kwenye filamu wana manyoya mengi shingoni, wa Tsavo hawakuwa nayo, kama anavyoweza kuona yeyote aingiaye Field Museum ya Chicago, iliyonunua ngozi zao mwaka 1924 kwa dola 5,000. Tuzo ya Oscar ambayo filamu hiyo iliipata ilikuwa ya uhariri wa milio, na kweli ngurumo zake zinatisha.

Idadi ya waliouawa ina utata. Patterson baadaye alidai 135. Utafiti wa mifupa na manyoya ya simba hao uliotolewa mwaka 2009 ulikadiria 35 hivi. Kitabuni alikuwa ametaja vibarua wa Kihindi 28, pamoja na Waafrika wengi ambao hakuna ofisi iliyowaandikisha.