Kinga ya mwili wakati wa baridi, vumbi na mvua: kinachosaidia kweli Nyanda za Juu Kusini

Mwezi wa sita unapoingia, baridi hushuka Mufindi, Kilolo, Uporoto na Umalila, na kikohozi huanza kupita nyumba hadi nyumba. Ndipo wauzaji wa dawa za "kuongeza kinga" nao huongezeka stendi na minadani. Utaona unga kwenye vikopo, maji ya mizizi kwenye chupa za soda, na maelezo kwamba dawa hiyohiyo inatibu mafua, presha, sukari na nguvu za kiume. Msikilizaji ana haki ya kujua pesa yake inanunua nini. Makala hii inaeleza kinga ni nini, misimu yetu inaigusa vipi, na vitu gani vya shambani na jikoni vinaisaidia.

Kinga haijazwi kama maji kwenye ndoo

Mwili una ulinzi wa ngazi kadhaa. Ngozi, makamasi ya puani na asidi ya tumboni huzuia vijidudu visiingie. Vikipenya, chembe nyeupe za damu huvishambulia. Baadaye baadhi ya chembe hizo hubaki na kumbukumbu ya adui yule, ili akirudi apigwe haraka. Ndiyo sababu mtoto aliyechanjwa surua, miezi 9 na tena miezi 18, analindwa: mwili wake umeshaonyeshwa sura ya ugonjwa bila kuugua.

Chembe hizo hutengenezwa kila siku kwa protini, madini na vitamini kutoka kwenye chakula. Hakuna kikombe cha dawa kinachoweza kufanya kazi hiyo kwa siku moja. Tena kinga ikiwa kali kupita kiasi nayo ni ugonjwa. Pumu na mzio ni kinga inayopigana na vumbi au chakula kisicho na kosa.

Mikoa ya ushibe, watoto waliodumaa

Hapa ndipo penye jambo zito. Iringa, Mbeya na Njombe ni ghala la mahindi, viazi, maharage na maziwa. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu watoto 57 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni 30. Iringa ilikuwa ya kwanza nchini, na Njombe ilifuata. Udumavu si ufupi tu. Mtoto aliyekosa lishe kwa muda mrefu huugua mara kwa mara, akiugua hukosa hamu ya kula, na asipokula anaugua tena.

Chakula kipo, lakini sahani ina rangi moja. Ugali wa sembe asubuhi kama uji, mchana kama ugali, jioni ugali tena. Mahindi yakikobolewa, kiini na ganda huondoka na sehemu kubwa ya madini na vitamini, nasi tunawapelekea nguruwe na kuku. Dona haipendwi na wengi kwa sababu ya rangi, lakini kwa mtoto ina faida zaidi, mradi mahindi yawe makavu na safi. Tatizo lingine ni muda. Msimu wa kulima mama hutoka alfajiri na kurudi jioni, na mtoto wa mwaka mmoja hula mara mbili kwa siku wakati tumbo lake dogo linahitaji kula mara tatu au nne. Hili si la mama peke yake. Baba na bibi wanaweza kukoroga uji, na uji ukitiwa karanga zilizosagwa, maziwa au unga wa usipa wa Ziwa Nyasa unakuwa chakula kamili kuliko kikopo chochote cha stendi.

Kipupwe: Juni hadi Agosti

Baridi peke yake haileti mafua. Mafua huletwa na virusi, lakini baridi huwapa nafasi. Tunafunga madirisha, tunalala wengi chumba kimoja, na pua hukauka. Juu ya hapo kuna moshi. Jikoni penye kuni na pasipo na tundu la kutolea moshi, mapafu ya mtoto anayebebwa mgongoni hudhoofika, na nimonia hupata njia. Dirisha dogo upande wa juu, au bomba la moshi la bati, husaidia kinga ya nyumba nzima kuliko tangawizi kilo moja.

Jiko la mkaa usiingize chumba cha kulala, hata kama makaa yanaonekana yameiva na hayatoi moshi. Makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na kila kipupwe kuna watu wanaolala wasiamke. Ongeza blanketi, lala na watoto pamoja, kunywa kitu cha moto, lakini jiko libaki nje.

Huu pia ni msimu wa mavuno, na ukungu hukawiza kukausha. Mahindi yanayowekwa ghalani yakiwa na unyevu huota kuvu inayotoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa kiasi kidogo haiui papo hapo, ila huharibu ini na kudhoofisha kinga ya mtoto polepole. Kausha juu ya turubai au kichanja, si ardhini. Punje zenye kuvu usizisage, na kuzipika hakuondoi sumu.

Kiangazi na vumbi

Septemba na Oktoba vumbi hukausha koo, na visima hupungua. Maji yakipungua, kunawa mikono ndiko kunaachwa kwanza, na kuhara kunaanza. Kibuyu chirizi karibu na choo hutumia maji kidogo sana, na kipande cha sabuni kikifungwa kamba hakipotei.

Matunda ndiyo faida ya mahali petu, nayo hayaivi kwa wakati mmoja kila wilaya. Pera lina vitamini C kuliko chungwa. Ubuyu wa Pawaga na Idodi nao ni tajiri wa vitamini hiyo, tena unahifadhika miezi mingi. Parachichi la Rungwe lina mafuta yanayosaidia mwili kunyonya vitamini A iliyomo kwenye mboga. Wengi wanauza yote kwa wanunuzi wa kusafirisha nje. Yabakizwe hata manne kwa wiki kwa ajili ya watoto. Wakaushaji wa mboga wazianike kivulini, maana jua kali huharibu vitamini.

Kwa wakazi wa Mufindi na Tukuyu, kunakolimwa chai, kuna jambo dogo la kuangalia. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Subiri kama saa moja baada ya kula, hasa kama ni mjamzito.

Mvua: Novemba hadi Aprili au Mei

Januari na Februari ghala linakaribia kwisha na kazi ya shamba iko juu. Lakini mvua hiyohiyo huleta mnafu, mchicha na majani ya maboga mpaka mlangoni. Pika muda mfupi kwa maji kidogo, tia mafuta au karanga, na usimwage mchuzi wake. Viazi lishe vya rangi ya chungwa vina vitamini A, na mbegu zake hugawanywa kwa jirani kwa kukata tu mashina.

Msimu huu ndio wa ulanzi. Wazee wana utamaduni wao na hatuwahukumu, lakini pombe nyingi hudhoofisha kinga, hula pesa ya mboga, na kuonjesha mtoto ni kumdhuru.

Kuna pia malaria. Mtu aliyekulia baridini hana kinga ya malaria kama aliyekulia Kyela, kwa sababu kinga hiyo hujengwa na kuumwa mara nyingi, na mwili huisahau. Akishuka kulima mpunga Kyela, Usangu au Pawaga bila chandarua, anaweza kuugua vikali kuliko mwenyeji. Aliyezaliwa Kyela na kuishi miaka mingi juu milimani naye asijiamini anaporudi nyumbani.

Tangawizi, asali na mwarobaini

Tangawizi, limau na kitunguu saumu kwenye maji ya moto hutuliza koo na kumfanya mgonjwa anywe zaidi. Hilo linatosha kuvipa heshima, ila havizuii nimonia wala havitibu kifua kikuu. Asali hupunguza kikohozi, lakini mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu vinavyompooza. Mwarobaini usinyweshwe mtoto mchanga. Mafuta yake yamewahi kuwadhuru watoto vibaya. Kujifukiza wengi walikujua tena wakati wa korona. Mvuke huzibua pua kwa muda, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi pamoja na mtoto ni ajali inayosubiri.

Kwa mtoto wa chini ya miezi sita "dawa ya asili" ni moja tu: maziwa ya mama, yakianza na yale ya kwanza ya manjano ambayo bado kuna wanaoyakamua na kuyamwaga. Yamejaa kinga ambayo mama ameijenga mwenyewe. Baada ya miezi sita hadi miaka mitano, matone ya vitamini A hutolewa Juni na Desemba. Chanjo ya kuzuia aina kuu za nimonia ni wiki ya 6, 10 na 14.

Mikoa yetu pia ina VVU kwa kiwango cha juu. Utafiti wa 2022 hadi 2023 ulikuta Njombe asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Anayemeza dawa za kufubaza virusi kila siku ndiye anayeirudisha kinga yake. Mizizi ikichanganywa inaweza kugongana na dawa hizo, hivyo mwambie mhudumu wa kliniki unatumia nini, hata kama unaona aibu. Na akikuambia mtu uziache ili "mitishamba ifanye kazi", achana naye.

Wakati wa kuacha jikoni na kwenda kituoni

Mtoto mwenye kikohozi mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili hadi mwaka, 50. Mwaka mmoja hadi mitano, 40. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au kupata degedege, mpeleke saa hiyohiyo, hata usiku. Mtu mzima akikohoa wiki mbili apime kifua kikuu; kipimo na dawa havilipiwi kwenye vituo vya serikali. Mwenye VVU asisubiri hizo wiki mbili.