Jericho Si Mtaa Tu: Bastola za Chuma za Bei Nafuu, Gani Kali na Gani Takataka?

Ukimwambia msee wa Eastlando "Jericho", atafikiria nyama choma pale sokoni, Jerusa hapo kando na mathree za Jogoo Road. Ukimwambia karao neno hilo hilo, mkono unaenda kiunoni. Jericho pia ni jina la bastola, moja ya zile ambazo polisi wa Kenya wamebeba miaka mingi. Nyingine unaijua kutoka kwa taarifa ya habari: Ceska.

Kila wiki unasikia "bastola aina ya Ceska imepatikana" ama "bastola ya kujitengenezea imepatikana". Kwa mtaa zote zinaitwa chuma, bunde ama mguu wa kuku. Lakini hizo mbili ziko mbali kama nganya mpya na mkokoteni. Na kwa sababu kuna mayut wanadhani bunde ni bunde bora litoe mlio, wacha tufungue hii stori vizuri. Soma hadi mwisho, kuna kitu inakuhusu hata kama hujawahi kushika bunduki.

FREMU YA CHUMA NI NINI?

Bastola ya kisasa ina sehemu nne za maana. Kuna fremu, ile unashika. Kuna slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma risasi ikitoka. Kuna mtutu, njia ya risasi. Halafu kuna magazini, mahali risasi zinakaa zikingoja.

Zamani fremu zote za maana zilikuwa za chuma. Kisha mwaka wa 1982 Glock ya Austria ikakuja na fremu ya plastiki ngumu, na dunia ikageuka. Za chuma hazikuisha lakini. Bastola kama Ceska ya chuma ina uzito wa kilo moja hivi bila risasi, kama paketi ya sukari. Kubeba hiyo siku nzima ni kazi, lakini uzito huo ndio unameza teke, mkono hauruki sana.

Ubaya wa chuma unaujua tayari: kutu. Jasho, mvua, hewa ya baharini kule Mombasa, zote zinakula chuma kisichopakwa mafuta. Kwa hivyo bastola kuwa ya chuma haimaanishi itadumu yenyewe.

CESKA, JERICHO NA UKOO WAO

Jina Ceska limetoka kwa kiwanda cha Česká zbrojovka. Mwaka wa 1975, ndugu wawili, Josef na František Koucký, walitoa bastola inaitwa CZ 75. Ilikuwa ya chuma, risasi za 9mm, na slaidi yake inateleza ndani ya fremu badala ya kuikalia juu. Mkono ukaipenda, wanajeshi na polisi wa nchi nyingi wakaipenda.

Shida ni kwamba Czechoslovakia wakati huo ilikuwa ya kikomunisti, na michoro ikasajiliwa kisiri huko ndani. Nje ya nchi haikuwa na ulinzi. Ni kama producer wa Dandora atoe beat kali halafu asahau kuisajili. Kila mtu aliikopi. Tanfoglio wa Italia wakatoa yao, China wakatoa yao, Uturuki wakatoa yao. Israeli nao wakaanza na vipande vya Tanfoglio, na mwaka wa 1990 wakatoa Jericho 941. Hiyo namba ilitokana na risasi za aina mbili ambazo ingeweza kutumia, 9mm na .41.

Sasa elewa: bastola mbili zinaweza kufanana kama mapacha, moja ya bei ya juu na nyingine ya chini, na umbo lisikuambie kitu. Tofauti iko ndani.

BEI RAHISI SI LAZIMA IWE MBAYA

Kuna viwanda vimejijengea jina kwa bastola za chuma za bei nafuu. Armscor ya Marikina, Ufilipino, inatengeneza kopi za M1911, mchoro wa John Browning wa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Uturuki nako kuna viwanda kadhaa vya aina hiyo. Bei inashuka kwa sababu hakuna anayelipia mchoro, mishahara ya wafanyakazi iko chini, na hawapotezi wakati kung'arisha kila kona. Kazi yenyewe inafanyika.

Lakini kuna rahisi ya aina ingine. Kuanzia 1970 pale California kulikuwa na viwanda kama Raven, Jennings, Davis na Lorcin, vikitoa vibastola vya bei ya kutupa. Nje vinang'aa, vinakaa chuma. Ndani ni zinki, ile ya kuyeyushwa na kumwagwa kwa kalibu kama kifunguo cha kuchezea. Zinki inachoka haraka, inapasuka. Vibastola hivyo vikajaa mitaa ya Marekani, na viwanda vyenyewe vingi vikaanguka.

MAMBO SITA MAFUNDI HUANGALIA

1. Chuma chenyewe. Kuna chuma cha kufuliwa, kinachogongwa kikiwa moto kama jembe, na kuna cha kumwagwa kwa kalibu. Cha kufuliwa ndicho kigumu zaidi. Cha kumwagwa si kibaya kama kiwanda kinajua kazi. Zinki ndiyo ya kukimbia. Sumaku inasema mengi hapa: inashika chuma cha kawaida, zinki haishiki.

2. Muhuri wa jaribio. Ulaya kuna shirika la C.I.P. lililoanzishwa 1914. Nchi wanachama haziruhusu bunduki iuzwe kabla haijapigwa risasi maalum yenye presha asilimia 30 juu ya kawaida kama ni bastola. Ikivuka bila kupasuka, inagongwa muhuri. Bastola isiyo na muhuri wala namba ya usajili haina mtu wa kuisimamia.

3. Mtutu. Ndani kuna mifereji inayozungusha risasi iende moja kwa moja. Fundi anaangalia kama mifereji iko safi, na kama kuna mahali mtutu umevimba. Uvimbe ni dalili kwamba kuna siku presha ilikosa pa kwenda.

4. Magazini. Bastola ikikwama kwama, mshukiwa wa kwanza huwa magazini. Springi imechoka ama midomo ya juu imepinda. Bastola nzuri na magazini mbovu ni takataka.

5. Usalama ikianguka. CZ 75 za baadaye zina herufi B, kumaanisha kuna kizuizi ndani kinachoshika pini isigonge risasi hadi uvute kifyatulio. Tokarev TT-33 ya Urusi, ambayo ilizagaa Afrika miaka ya vita, haina hata swichi ya kawaida ya usalama. Mtu akiibeba na risasi ndani ya chemba, kuanguka tu kunaweza kumaliza mtu.

6. Kurudia. Bastola kufyatuka mara moja haikuambii kitu. Mwaka wa 1911 jeshi la Marekani lilipiga risasi 6,000 kwa bastola moja ya Browning, ikipata moto wanaizamisha kwa maji, wanaendelea. Haikukwama hata mara moja. Hapo ndipo neno "kutegemewa" linatoka. Na hata hiyo bado inataka kusafishwa na kubadilishwa springi.

SASA BUNDE LA MTAANI

Chukua hayo mambo sita upeleke kwa bunde la kujitengenezea. Chuma ni cha kuokota, hakuna anayejua kilitoka wapi. Muhuri hakuna. Mifereji hakuna. Usalama hakuna. Na mwenye kuibeba hajawahi kuijaribu, kwa sababu mlio mmoja tu mtaa mzima unaamka.

Wacha nikupe hesabu. Tairi ya gari ndogo ina presha ya bar 2 hivi. Risasi ya 9mm inaruhusiwa kufika bar 2,350 ndani ya chemba. Hiyo ni zaidi ya tairi 1,000, na iko sentimita chache kutoka kwa vidole vyako na macho yako. Kiwanda cha Uherský Brod kinatumia chuma maalum na mashini za usahihi ndio kiishike hiyo presha. Chuma cha kuokota hakijui hiyo kazi.

Kuna msee tulisoma naye primo, sitamtaja. Alikuwa kipa mkali, hakuna mpira ulimpita. Tulipomaliza Darasa la Nane akaingia mbogi fulani. Siku moja wakampa kitu ashike, "shika tu". Kikamlipukia mkononi hata kabla hajakielekeza kwa mtu. Leo mkono wa kulia una vidole viwili. Hospitali walimuuliza nini kilifanyika akasema ni mtungi wa gesi. Mamake bado anaamini ni gesi. Kila nikikutana naye ananisalimia na mkono wa kushoto, na mimi najifanya sijaona.

Huyo ana bahati. Yuko hai.

NA BONOKO JE?

Neno bonoko unalijua. Lilivuma baada ya kijana wa Ngara kuhojiwa na TV kuhusu mtu aliyepigwa risasi, watu wakageuza mahojiano kuwa wimbo, na yeye baadaye akawa mtangazaji Ghetto Radio. Nchi ilicheka. Lakini alichokuwa anasema hakikuwa kichekesho: bonoko ni bunduki bandia inayowekelewa mtu ili aonekane alikuwa jambazi.

Hapa ndipo ubora wa bunduki unageuka kuwa upuzi. Mbele ya karao mwenye Jericho, usiku, umbali wa mita kumi, hakuna anayeangalia muhuri wako. Bunde mbovu, bunde la kuchezea, ama simu nyeusi mkononi, zote zinaweza kukumaliza sawa. Sheria yetu ya bunduki, sura ya 114, pia inahesabu bunduki bandia ikitumiwa kwa uhalifu. "Haikuwa hata inafanya kazi" si utetezi wa kukutoa.

Na wizi wa mabavu, kifungu cha 296(2) cha kanuni za adhabu, hukumu yake ni kifo. Kweli, Kenya haijanyonga mtu tangu 1987. Lakini kuzeekea Kamiti kwa sababu ya simu ya mtu si maisha. Na huhitaji hata kuwa wewe uliyebeba. Kuwa pamoja na wenzako wakati wa wizi kunatosha.

NJIA HALALI NI MOJA TU

Bodi ya leseni za bunduki ndiyo inaamua. Inataka sababu ya maana, na iridhike kwamba wewe si hatari kwa wengine. Mwishoni mwa 2018 serikali ilirudisha hata wenye leseni kwenye msasa upya, wakapewa siku 90. Kwa Kenya bunduki si haki ya kikatiba kama Marekani. Ni ruhusa, na inaweza kuchukuliwa.

Kwa hivyo maswali yale sita ni ya mwenye leseni, akiwa kwa duka lenye leseni, na fundi anayejulikana. Akiuziwa mbovu anajua pa kurudi. Wewe ukipewa "chuma" nyuma ya keja, swali la ubora limeshajibiwa: hakuna anayekupa kitu kizuri bure. Mara nyingi huyo anataka mtu wa kubeba msalaba wake, kwa sababu bunduki inaweza kuwa tayari imeua, na ganda la risasi huwa linabaki na alama za bunduki iliyolifyatua.

Ukipata bunduki imetupwa, usiiguse, usiipige picha ukiishika. Piga 999 ama 112. Kama unaogopa kuenda kituoni peke yako, na tunajua kwa nini watu huku kwetu wanaogopa, enda na wakili, mchungaji, imamu ama chifu. Karao akikunyanyasa, IPOA iko kwa kazi hiyo.

Mwezi wa Juni 2021 pale Ngong, serikali ilichoma bunduki haramu 5,144. Kulikuwa na za viwanda vikubwa na za kuundwa kwa mikono. Kwa moto zote zikageuka rangi moja.

Kwa hivyo next time mtu akikuambia ako na chuma safi, muulize muhuri wake uko wapi. Akicheka, ushapata jibu. Rudi Jeri, agiza nyama nusu kilo, kaa na mabeshte zako. Hiyo ndiyo Jericho yetu.