Kichocho cha Msambweni katika Historia ya Hesabu za Maambukizo

Utangulizi

Msambweni iko kusini mwa Mombasa, kiasi cha kilomita 50, kando ya barabara iendayo Lunga Lunga na mpaka wa Tanzania. Wageni wa mahoteli ya Diani aghalabu hawafiki huko. Hata hivyo, jina la Msambweni limeandikwa mara nyingi katika majarida ya tiba, ya hisabati na ya uchoraji wa ramani kwa kompyuta. Sababu yake ni mabwawa madogo ya maji ya mvua, konokono waishio ndani yake, na ugonjwa wa kichocho.

Makala haya yanafuata historia ya wazo moja, yaani kwamba maradhi ya kuambukiza yanaweza kufahamika kwa milinganyo ya kihisabati. Wazo hilo lilipitia mikononi mwa matabibu, wanafizikia, wajuzi wa kompyuta, na mwishowe wachumi. Linalodaiwa hapa ni kwamba hesabu zilizotegemea wastani wa watu wote hazikutosha, na kwamba vijiji vya Msambweni ni miongoni mwa mahali palipodhihirisha upungufu huo.

Mzunguko wa kichocho

Mdudu wa kichocho alitambuliwa na tabibu Mjerumani Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka 1851. Mwaka 1915 Robert Leiper alithibitisha, huko huko Misri, kwamba konokono wa maji baridi ndiye kiungo cha uambukizaji. Mgonjwa akikojoa majini, mayai hutoka pamoja na mkojo na kuangua mabuu. Mabuu humwingia konokono wa jenasi ya Bulinus, hukua na kuongezeka ndani yake, kisha vijidudu vyenye mkia hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini kuoga, kufua au kuteka. Ndani ya mwili dume na jike huishi pamoja karibu na kibofu, na jike hutaga mayai kwa miaka. Dalili ijulikanayo zaidi ni damu katika mkojo. Maradhi yakidumu huharibu kibofu na figo.

Mambo mawili katika mzunguko huo yamewashughulisha wanahisabati. La kwanza ni kwamba maambukizo hayatoki kwa mtu kwenda kwa mtu, bali hupitia mahali, yaani bwawa fulani lenye konokono fulani. La pili ni kwamba mnyoo mmoja peke yake hauna madhara kwa jamii, kwani usipopata mwenzi hautagi mayai yenye uhai.

Kutoka kwa matabibu hadi kwa wanafizikia

Mwaka 1965 George Macdonald, mkurugenzi wa Taasisi ya Ross mjini London, alitangaza kielelezo cha kihisabati cha kichocho. Kutokana na haja ya minyoo kupata wenzi, Macdonald alionyesha kwamba pana kiwango fulani cha maambukizo ambacho yakishuka chini yake mzunguko hukatika wenyewe. Alihitimisha pia kwamba vyoo pekee vingeleta tofauti ndogo, kwa sababu mayai machache yakifika majini yanatosha kuwaambukiza konokono, ilhali kupunguza mwingiliano wa watu na maji yenye konokono kungefaa zaidi. Haya hayakuwa mambo ya nadharia tu. Hesabu iliyofanywa London iliweza kuathiri uamuzi kama kijiji cha mbali kichimbiwe vyoo, kipewe mfereji, au kipelekewe dawa.

Kielelezo hicho kilichukuliwa na mtu asiyekuwa tabibu kamwe. Robert May, mzaliwa wa Australia, alipata shahada ya uzamivu katika fizikia ya nadharia katika Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 1959. Mwaka 1972 aliuliza kama mfumo mkubwa wenye viungo vingi huwa imara zaidi kwa sababu ya wingi wa viungo vyake, akajibu kwamba yawezekana ukawa dhaifu zaidi. Mwaka 1977 aligeukia kichocho, akachunguza jinsi minyoo inavyokutana ndani ya miili ya watu.

Hoja yake yaweza kuelezwa bila milinganyo. Ichukuliwe minyoo ishirini katika watoto kumi. Ikigawanyika sawasawa, kila mtoto atakuwa na miwili, na baadhi yao watakuwa na madume matupu au majike matupu. Lakini kumi na minane ikiwa ndani ya mtoto mmoja, ni karibu hakika kwamba itapata wenzi. Wastani ni ule ule, nao ni miwili kwa kila mtoto, ila katika hali ya kwanza ugonjwa unaweza kufifia na katika ya pili unaendelea. Kwa kuwa minyoo hulundikana katika watu wachache, kiwango cha kukatika alichokitaja Macdonald kiko chini sana kuliko kilivyodhaniwa. May na mwenzake Roy Anderson waliendeleza nadharia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1991 wakachapisha kitabu kikubwa juu ya maradhi ya kuambukiza ya binadamu.

Mradi wa Msambweni

Nadharia hizo zilihitaji mahali pa kupimwa. Mwaka 1984 Wizara ya Afya ya Kenya, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani, ilianza uchunguzi wa muda mrefu katika eneo la Msambweni, Wilaya ya Kwale. John Ouma, Eric Muchiri na Charles King walikuwa miongoni mwa watafiti wake. Wanafunzi wa shule walipimwa mkojo na kutibiwa. Dawa mbili zililinganishwa: prazikwanteli, iliyotolewa mara moja kwa mwaka, na metrifoneti, iliyotolewa mara tatu. Zote mbili zilipunguza maambukizo, na watoto wengi walipata nafuu.

Walakini maambukizo hayakukoma. Watafiti walipoutathmini mradi mwaka 1996, ilibainika kwamba matibabu yalipunguza maradhi, lakini uambukizaji kutoka majini uliendelea. Mtoto aliyeponywa alirudi kwenye bwawa lile lile, nalo lilikuwa likipokea mayai kutoka kwa wale ambao dawa ya shuleni haikuwafikia. Hapa ndipo suala la wastani lilipoacha kuwa la wanafizikia peke yao.

Mabwawa kama mtandao

Mwanzoni mwa karne ya 21 zana mpya zilipatikana. Setilaiti ya Ikonos, iliyorushwa mwaka 1999, ilipiga picha zilizoonyesha vitu vya ukubwa wa mita moja. Julie Clennon, Uriel Kitron na wenzao waliziunganisha picha hizo ndani ya kompyuta pamoja na mahali pa nyumba za kijiji cha Milalani na matokeo ya vipimo vya mkojo. Uchunguzi wao, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba maambukizo makali yalizunguka mahali pamoja pa maji palipokuwa na konokono wengi waliotoa vijidudu. Kijiji kilichoonekana kimoja katika jedwali la takwimu kilikuwa na sehemu za hatari na sehemu za salama, zikitenganishwa na mwendo mfupi wa miguu.

Mwaka 2007 watafiti hao walitazama mwendo wa maji yenyewe. Bwawa likikauka wakati wa kiangazi, konokono wake huweza kutoweka. Lakini mvua kubwa zikinyesha, maji hufurika kutoka bwawa la juu hadi la chini, yakiwachukua konokono. Basi bwawa lililosafishwa linaweza kujazwa upya na jirani yake. Hesabu zilionyesha kuwa hakuna bwawa linaloweza kutibiwa kana kwamba liko peke yake.

Neno mtandao, litumiwalo sana leo kwa mambo ya kompyuta, latokana na kitenzi kutanda, chenye nduguye utando, kama wa buibui. Maana hiyo ya asili inafaa hapa: uzi ukivutwa upande mmoja, upande mwingine hutikisika. King na mwanahisabati David Gurarie waliandika milinganyo ya namna hiyo mwaka 2005, wakiwagawa watu kwa mahali na kwa umri badala ya kuwajumlisha. Mwaka 2014 walirejea kwenye swali la Macdonald na May, wakaonyesha kwamba dawa peke yake haitarajiwi kukifikia kwa urahisi kile kiwango cha kukatika.

Soko la dawa na soko la fedha

Swali lililobaki lilikuwa la kiuchumi: dawa ikiwa chache, apewe nani? Prazikwanteli ilivumbuliwa na makampuni ya Kijerumani Merck na Bayer katika miaka ya 1970. Wahitaji wake walikuwa wengi lakini maskini, na bei ya awali iliwashinda. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Shin Poong ya Korea Kusini ilibuni njia ya kuitengeneza kwa gharama ndogo, na bei ikashuka. Kuanzia mwaka 2007 Merck ilianza kuitoa bure kupitia Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo historia ya kichocho ni pia historia ya hesabu za biashara.

Uhusiano huo ulikwenda hata upande wa pili. Mwaka 1997 Mark Woolhouse na wenzake walieleza kwamba katika maradhi mengi, kichocho kikiwamo, kiasi cha asilimia 20 ya watu huchangia asilimia 80 ya uambukizaji. Uwiano wa namna hiyo ulikuwa ukijulikana tangu zamani kwa wanafunzi wa uchumi, kutokana na kazi ya Vilfredo Pareto juu ya mgawanyo wa mali. Naye May, mwanzoni mwa mwaka 2008, aliandika pamoja na wenzake wawili kwamba mabenki yaliyofungamana yangeweza kuangushana kama viumbe katika mfumo mmoja wa maumbile. Mwezi Septemba mwaka huo benki ya Lehman Brothers ilianguka. Mwaka 2011 May na Andrew Haldane wa Benki Kuu ya Uingereza walitoa uchambuzi kamili wa jambo hilo. Hivyo fikra zilizonolewa kwa minyoo na konokono zilitumika kuyaeleza mabenki.

Hitimisho

Kati ya mwaka 2015 na 2017 utafiti mwingine ulifanyika Kwale, katika jamii 120, juu ya minyoo iambukizwayo kwa udongo. Ulilinganisha kuwatibu watoto shuleni na kuwatibu watu wote majumbani, na matokeo yake ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba njia ya pili iliipunguza safura zaidi. Somo la Msambweni lilithibitika kwa ugonjwa mwingine. Utafiti huo uliitwa TUMIKIA, kifupi cha maneno Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya.

Jina lilikuwa la Kiswahili, lakini ripoti ilikuwa ya Kiingereza, kama zilivyokuwa ripoti zote zilizotajwa katika makala haya. Jambo hili lina uzito kuliko heshima ya lugha. Setilaiti huona bwawa, lakini haioni nani huteka humo, mtoto gani huogelea baada ya shule, wala kwa nini mfereji ulio karibu hautumiwi. Maswali hayo huulizwa na kujibiwa kwa Kidigo na Kiswahili, ndipo yanapogeuzwa tarakimu. Ikiwa majibu yaliyosafiri kwenda Cleveland na London hayarudi katika lugha zilizoyatoa, mama wa Milalani atajua kwamba mwanawe alipewa dawa, asijue kwamba bwawa lililo juu ya lake ndilo litakalomrudishia ugonjwa mvua zikinyesha. Ujuzi huo unaweza kusemwa kwa Kiswahili chepesi, bila mlinganyo hata mmoja. Kazi ya kuusema ni ya wanaisimu na walimu wa lugha kama ilivyo ya matabibu.