Asbesto katika kazi za ujenzi

Asbesto ni kundi la madini sita yenye nyuzinyuzi zisizoshika moto, ambayo kwa miaka mingi yalichanganywa na saruji kutengenezea mapaa, mabomba na dari. Paa zima lisiloguswa halina hatari kubwa. Balaa huanza fundi anapolikata, kulitoboa au kulivunja. Vumbi lake, ambalo mara nyingi halionekani kwa macho, hunasa mapafuni na kuleta asbestosisi (makovu ya mapafu), saratani ya mapafu na mesotelioma (saratani ya utando unaozunguka mapafu na viungo vingine), kwa kawaida baada ya miaka 20 hadi 40, pengine fundi akiwa amekwisha kustaafu. Kwa mvutaji sigara, hatari ya saratani ya mapafu huzidi sana. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, ila mapaa ya zamani yangalipo. Huondolewa yakiwa yamelowanishwa, na anayeyaondoa huvaa barakoa maalumu. Kitambaa cha kufunika pua hakizuii nyuzi hizo.