Chapa

Neno hili tumelitoa Kihindi, na tumelitwisha mizigo mingi: kitabu hupigwa chapa, ng'ombe huchomwa chapa, sabuni huulizwa dukani kwa chapa yake. Mzigo mwingine wanao wakusanyaji wa prosesa kongwe za kompyuta, ambao husoma chapa kama mganga asomavyo ramli.

Chukua Intel 8080, iliyotoka mwaka 1974. Mgongoni utakuta C8080A. Herufi ya mbele ni vazi tu: C ni kauri, D pia ni kauri lakini ya umbo jingine, P ni plastiki. A ya mwisho ni toleo lililorekebishwa. Lakini kwenye Z80A ya Zilog, A hiyohiyo ni mwendo: megahezi 4 badala ya 2.5. Herufi moja, lahaja mbili.

Kisha kuna tarakimu nne. 7734 ni wiki ya 34 ya mwaka 1977. Usiichanganye na '78 iliyo kando ya alama ya hakimiliki kwenye prosesa ya Intel 8086. Huo si mwaka wa kuzaliwa kwa kipande hicho, kwani hata vya miaka ya themanini vinayo.

Walaghai husugua maandishi wakapiga mengine. Ila mhandisi Federico Faggin aliacha herufi F.F. ndani ya silikoni yenyewe ya Intel 4004, mwaka 1971. Hiyo mimi siiti chapa. Ni nakshi.