Soka ya ridhaa Kitale na Bungoma: Mfadhili mmoja hatoshi

SOKA ya ridhaa, yaani ile inayosakatwa na vijana wasiolipwa mshahara, ndiyo msingi wa kandanda katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma. Wachezaji wake ni walimu, waendeshaji bodaboda, wakulima na vijana waliomaliza shule. Hata hivyo, klabu nyingi hung'ara kwa misimu michache kisha zikatoweka. Vipaji vipo tele. Tatizo kubwa ni mazoea ya kuegemea mfadhili mmoja.

Historia ya eneo hili ina mafunzo. Mjini Webuye, kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilikuwa na timu yake, Pan Paper, iliyowahi kushiriki ligi kuu. Kiwanda kilifungwa mwaka 2009, na leo timu hiyo imebaki katika kumbukumbu za mashabiki tu.

Nzoia Sugar ya Bungoma ilipanda ngazi hadi ligi kuu mwaka 2017, ligi ilipopanuliwa kutoka timu 16 hadi 18. Lakini kampuni ya sukari iliyoilea ililemewa na madeni, na mnamo 2025 serikali ikaikodisha kwa mwekezaji wa kibinafsi kwa miaka 30. Penye mkulima anayedai malipo ya miwa yake, bajeti ya mpira huwa ya mwisho kukumbukwa.

Nakumatt, iliyopanda pamoja na Nzoia, ilipatwa na hayo hayo. Maduka yaliyoidhamini yaliposambaratika, timu ilibadilishwa jina kuwa Mount Kenya United na kushushwa daraja mwaka 2019.

Ikiwa kampuni kubwa huyumba, hali ya klabu inayomtegemea mfanyabiashara mmoja au mwanasiasa ni dhaifu zaidi. Msaada wa mwanasiasa aghalabu huja na uchaguzi na kuondoka nao.

Gharama na viwanja

Mzigo mzito ni nauli. Mechi ya ugenini huhitaji matatu ya kukodi, chakula na maji kwa kikosi kizima. Nyumbani kuna marupurupu ya waamuzi na huduma ya kwanza. Klabu inayokosa nauli hupoteza alama bila kugusa mpira.

Bungoma ina Uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi, ulioandaa sherehe za Madaraka mwaka 2024, na Kitale ina Uwanja wa Kenyatta. Hata hivyo, klabu nyingi ndogo hucheza katika viwanja vya shule za msingi. Viwanja hivyo havina ua, kwa hivyo hakuna kiingilio kinachokusanywa, na mvua ndefu huvigeuza matope.

Kalenda ya kilimo nayo ina nguvu kuliko ratiba ya ligi. Wakati wa kupanda mahindi na wa kuvuna, mazoezi hubaki na wachezaji wachache. Kwa Wabukusu, mwezi Agosti wa kila mwaka unaogawika kwa mbili ni msimu wa tohara, na vijana wengi huwa katika shughuli hizo.

Faida ya kumbukumbu

Pigo jingine ni kuondokewa na wachezaji bora bila fidia. Kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Klabu isiyosajiliwa, au isiyo na daftari la wachezaji na tarehe zao, haiwezi kudai haki hiyo hata kijana wake akiuzwa Ulaya.

Sheria ya Michezo ya 2013 iliunda ofisi ya msajili wa michezo, na chini ya ugatuzi kaunti zina wajibu wa kustawisha michezo na viwanja. Klabu yenye katiba, akaunti ya benki na hesabu zilizo wazi ina nafasi nzuri ya kusikizwa inapoomba msaada.

Njia iliyo salama zaidi ni kugawa mzigo: ada ndogo ya kila mwezi kwa wanachama kama ilivyo katika vyama vya akiba, wafanyabiashara kadhaa wanaochangia jezi na nauli, na makubaliano ya maandishi na shule kuhusu uwanja. Mmoja akijitoa, wengine hubaki, na timu husafiri Jumapili ifuatayo.