Kitambaa Chenye Majina Mawili

Jumamosi moja nilisimama mbele ya vijana kumi na wanne, wa kati ya miaka 14 na 17, kwenye ukumbi mdogo wa maktaba huko Eastlands. Mada ya siku: Marekani katika miaka yake ya mwanzo. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nikaanza na 1776, nikaenda kwa Washington, nikapitia Jefferson. Nilipofika kwa rais wa nne, kijana mmoja wa nyuma akainua mkono. "Ticha, kwani hawa watu walikuwa wanafanya kazi gani?"

Nilidhani anauliza kuhusu marais. Wapi! Alikuwa anauliza kuhusu watu. Waliamka saa ngapi, walilipwa na nani, walivaa nini.

Wiki iliyofuata niliwaacha marais nyumbani. Nilipitia Biashara Street nikanunua mita moja ya kitambaa cha pamba, kile kizito ambacho hakijapaushwa. Nikakitandaza mezani. "Leo tunasoma hiki."

Tulianza na mwizi, maana vijana wanapenda hadithi ya mwizi. Mwaka 1810 mfanyabiashara wa Boston, Francis Cabot Lowell, alisafiri kwenda Uingereza. Waingereza walikuwa na mashine za kufuma nguo na walizilinda sana. Kutoa michoro yake nje ya nchi kulikatazwa. Lowell hakubeba mchoro wowote. Alitembelea viwanda, akatazama, akaweka kichwani. Aliporudi, yeye na fundi Paul Moody waliunda mashine yao, na mwaka 1814 kiwanda cha Waltham, Massachusetts, kilikuwa kinapokea pamba ghafi na kutoa kitambaa kilicho tayari, kila kitu chini ya paa moja. Lowell alifariki 1817. Wenzake walijenga mji mzima wa viwanda kando ya mto Merrimack, wakaupa jina lake.

Kabla ya hapo, familia nyingi za mashambani zilisokota na kufuma nguo nyumbani. Sasa kazi ilihamia mjini. Na nani aliifuata? Wasichana. Mabinti wa wakulima, wengi wao wa umri wa hawa walioketi mbele yangu au wakubwa kidogo. Kwa wengi, ilikuwa mara ya kwanza kushika pesa yao wenyewe. Walilipia ndugu zao karo, walipunguza madeni ya baba, walijinunulia gauni na vitabu. Kuanzia 1840 hata walikuwa na jarida lao, Lowell Offering, lililojaa hadithi na mashairi waliyoandika wenyewe.

Hapo darasa lilikuwa linatabasamu. Nikaendelea. Kengele ililia kabla ya jua kutoka. Kazi ilikuwa zaidi ya saa 70 kwa wiki. Madirisha yalifungwa ili nyuzi zisikauke na kukatika, kwa hivyo vumbi la pamba liliishia mapafuni. Mabweni yalikuwa ya kampuni, na milango ilifungwa saa nne usiku.

Mwaka 1834 wenye viwanda walipunguza mishahara. Wasichana waligoma, wakashindwa. Mwaka 1836 gharama ya kukaa bwenini ikapandishwa, na zaidi ya 1,500 wakatoka nje. Mmoja wao alikuwa Harriet Hanson, mwenye miaka 11, ambaye kazi yake ilikuwa kuondoa bobini zilizojaa uzi na kuweka tupu. Wakubwa wa chumba chake walipoanza kusitasita, yeye alisimama, akasema ataenda hata akiwa peke yake, akatoka. Alipogeuka, wote walikuwa nyuma yake. Mama yake, mjane aliyesimamia moja ya mabweni, alifukuzwa kazi kwa sababu hiyo.

"Huyo mtoto ni moto!" mtu akasema, na wote wakacheka. Lakini msichana aliyekaa karibu na dirisha hakucheka. Alikuwa anakigusagusa kile kitambaa. "Na pamba ilitoka wapi?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nangoja, na bado sikuwa tayari kulijibu.

Pamba ilitoka kusini, kwenye mashamba ya watumwa. Mwaka 1793 Eli Whitney aliunda mashine ya kuchambua pamba, kutenganisha nyuzi na mbegu. Ungefikiri mashine ya kurahisisha kazi ingepunguza utumwa. Iliongeza. Kuchambua kulipokuwa rahisi, kulima pamba kukawa na faida kubwa, na kila mwenye shamba akataka watu zaidi wa kupanda na kuvuna. Mwaka 1790 Marekani ilikuwa na watumwa takriban 700,000. Mwaka 1860 walikuwa karibu milioni 4. Kuingiza watumwa kutoka nje kulipigwa marufuku 1808, basi soko likageukia ndani: watu waliuzwa kutoka Virginia na Maryland hadi Mississippi na Louisiana, mume akabaki huku, mke na watoto wakaenda kule.

Na kitambaa kilirudi. Viwanda vya kaskazini vilitengeneza nguo nzito ya bei rahisi na kuwauzia wenye mashamba wawavishe watumwa wao. Waliovaa waliiita kwa jina la mji ilikotoka: Lowell.

Kitambaa cha viwanda vya Massachusetts kilifika pia kwetu. Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na meli za Salem zikawa zinatia nanga Unguja. Zilileta kitambaa, zikaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Kilienda bara na misafara, kikapimwa kwa mikono na kutumika kama pesa. Watu wa pwani nao walikipa jina la kilikotoka: merikani.

"Wale wasichana," akauliza tena yule wa dirishani, "walijua pamba imevunwa na watumwa?"

Walijua. Baadhi yao walitia saini maombi ya kutaka utumwa ukomeshwe. Wakati huohuo, walipogoma waliimba kwamba hawatakubali kuwa watumwa, na mshahara waliokuwa wanaupigania ulitoka kwenye pamba ya watumwa halisi. Yote mawili ni kweli. Niliona vijana wakihangaika kuamua kama wawapende wasichana hao au wawalaumu. Sikuwasaidia.

Kisha kijana mmoja ambaye huwa haongei akasema dada yake anashona jeans Athi River, za kwenda Marekani. "Yeye hajui zinavaliwa na nani," akasema. "Na hajui pamba ni ya wapi. Anajua tu wiki hii ni maua au ni mifuko." Hakuna aliyemjibu.

Nimefundisha historia miaka kadhaa nikidhani kazi yangu ni kuwapa vijana tarehe na kuwaambia mambo yaliboreka au yaliharibika. Siku hiyo mambo yaliboreka na kuharibika ndani ya mita moja ya kitambaa. Msichana alipata pesa yake kwa sababu mtu mwingine hakuwa na hata mwili wake.

Tulipokuwa tunapanga viti, yule kijana wa nyuma alinifuata. "Ticha, na wale wasichana waliishia wapi?"

Nilimwambia: wengi waliolewa, wengine wakawa walimu, wengine wakahamia magharibi. Kuanzia miaka ya 1840, Waireland waliokimbia njaa walichukua nafasi zao.

"Na hao walilipwa zaidi?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa, akauliza kama anaweza kubaki na kitambaa. Nikampa.